"Mgonjwa Hashirikiani": Tuongee Ukweli Juu ya Mgongo na Moyo

Leo hatuna habari za mpira wala za mashindano ya ngoma. Leo tumekasirika, na tunaomba mtuvumilie mpaka mwisho.

Mwezi uliopita mama mmoja alitufuata pale tunapokutana Jumamosi, chini ya mwembe. Mkononi alikuwa na karatasi ya hospitali imekunjwa mara nne. Akasema, "Wanangu, nisomeeni. Kiingereza sikijui, na Kifaransa chenyewe nilikiacha darasa la nne kule Fizi." Tukasoma. Mistari mingi ilikuwa ya vipimo. Mstari wa mwisho, kwa Kiswahili chetu, ulisema hivi: mgonjwa hashirikiani na matibabu, faili lifungwe.

Mama akatuuliza, "Hashirikiani maana yake nini? Mtoto wangu amepigana na daktari?"

Jamani, tulikosa jibu. Tukaangaliana tu. Ndiyo sababu tunaandika.

Mgonjwa mwenyewe ni mdogo wetu wa kike, ana miaka 15. Jina hatulitaji. Yeye na mama yake wametukubalia kusimulia, kwa sharti moja, kwamba tusimfanye aonekane wa kuhurumiwa. Tutajaribu.

Mambo yalianza akiwa na miaka 13. Mama yake alikuwa anamshonea sare ya shule, blauzi nyeupe na sketi ya bluu, na kila akipima pindo anaona upande mmoja umepanda. Akapima mara tatu akidhani mkono wake ndio umekosea. Kisha akamwambia mtoto ainame aokote chaki iliyoanguka, na hapo akaona upande wa kulia wa mgongo umeinuka kama kuna kitu chini ya ngozi. Bila kujua, mama huyo alikuwa amefanya kipimo kile kile alichokieleza daktari Mwingereza William Adams mwaka 1865: mwambie mtu ainame mbele, umtazame mgongo kwa nyuma. Hakihitaji umeme wala mashine.

Zikafuata fomu na foleni, miezi kadhaa, hadi akapelekwa hospitali kubwa nje ya kambi. Akapigwa eksirei, ikaonekana mpindo wa nyuzi 32. Kupima walipima vizuri, hatubishi. Tunabishana na namna walivyomtendea. Alisimama amevua blauzi, mlango uko wazi nusu, na wanafunzi wanne wa udaktari wamekuja kutazama. Mmoja akapitisha kidole kwenye uti wa mgongo kutoka shingoni hadi kiunoni huku anaongea Kiingereza na wenzake. Hakuna aliyemuuliza jina. Na mkalimani alikuwa baba mmoja wa mtaa wao, wanasali kanisa moja. Kesho yake mtaa mzima ulikuwa unajua.

Akarudi na ganda. Ndivyo tunavyoliita lile vazi gumu la plastiki linalobana kiwiliwili kutoka kwapani hadi kwenye nyonga, lenye mikanda ya kukaza. Aliambiwa alivae saa 18 kwa siku. Basi, akapandishwa gari, akarudishwa kambini.

Sasa ninyi mnaolijua jua la huku, fikirini wenyewe. Nyumba ya matofali ya udongo, juu turubai, saa saba mchana. Maji ya kuoga ni yale yale ya kupikia na ya kufulia. Fulana ya kuvaa ndani ya ganda anayo moja. Usiku analala kwenye mkeka na wadogo zake watatu, na kila akigeuka plastiki inamgonga mmoja wao, anaamka analia. Ngozi ikaanza kutoka vipele. Yote hayo aliyavumilia. Anasema mwenyewe kwamba joto si lililomshinda.

Kilichomshinda ni shule. Wiki ya kwanza wakamwita Kobe. Wiki ya pili wavulana wakagundua mchezo mpya: wanampita, wanagonga tumboni kwa vidole, ko ko ko, na kusema, "Hodi! Kuna mtu humo?" Darasa zima linacheka. Wiki ya tatu akalivua, akalificha chini ya gunia la mkaa. Baadaye akaacha na shule yenyewe, maana hata bila ganda jina la Kobe lilibaki. Akaanza kuvaa sweta la kaka yake mchana kutwa.

Siku ya kurudi hospitali akaulizwa swali moja, "Unavaa?" Akajibu, "Ndiyo." Wakatazama ngozi, hakuna alama za mikanda, wakajua anadanganya. Akagombezwa. Kisha ukaandikwa ule mstari.

Sisi tunasema mstari ule ni uongo. Mdogo wetu hakukataa matibabu. Alikataa kupigiwa hodi tumboni. Kati ya mambo hayo mawili kuna umbali mkubwa, na kazi ya aliyeshika kalamu ilikuwa kuuona.

Kabla hatujaendelea, tueleweshane ugonjwa wenyewe, kwa sababu hapa kambini yanasemwa mengi. Unaitwa skoliosisi. Uti wa mgongo unapinda kwenda ubavuni na wakati huo huo unajizungusha, ndiyo maana mbavu za upande mmoja zinainuka na bega moja au nyonga moja inakuwa juu. Mpindo unapimwa kwenye eksirei kwa njia aliyoieleza daktari John Cobb wa New York mwaka 1948. Kuanzia nyuzi 10 ndipo huitwa skoliosisi. Kati ya vijana 100, wanaofikia kiwango hicho ni kama 2 au 3. Mipindo midogo iko kwa wavulana na wasichana karibu sawa, lakini ile mikubwa inayohitaji matibabu inawapata wasichana zaidi sana. Na kwa wagonjwa 10, kama 8 hakuna chanzo kimoja kinachojulikana.

Rudieni hapo: chanzo hakijulikani. Maana yake haukuletwa na dumu la maji kichwani, wala mkoba wa shule, wala kulala vibaya. Mama hakukaa vibaya akiwa na mimba. Na bibi wa jirani hakumtazama mtoto kwa jicho baya. Tunajua mama mmoja hapa aliyetengwa na shemeji zake kwa ajili ya mgongo wa mtoto wake. Huo ndio ujinga tunaotaka ukome.

Tahadhari moja lakini. Ukiona kinundu kimetokeza katikati ya mgongo, pamoja na homa, jasho la usiku, kukonda, au miguu kuishiwa nguvu, hiyo inaweza kuwa kifua kikuu cha uti wa mgongo. Ule ni ugonjwa mwingine, na una dawa. Mtu huyo asingoje kikao chetu cha Jumamosi, aende kituo cha afya leo.

Sasa turudi kwenye hasira yetu.

Kuna watu wanatuambia, "Ninyi vijana mnachanganya mambo. Mgongo ni wa daktari wa mifupa. Mambo ya moyo yana ofisi yake, kule kwenye hema la ushauri, Jumanne na Alhamisi." Tunawajibu kwa takwimu za wataalamu wenyewe, ili msiseme tunaongea hisia tu.

Mwaka 2013 jarida la New England Journal of Medicine lilichapa utafiti uliofanyika Marekani na Kanada, ukiongozwa na daktari Stuart Weinstein wa Chuo Kikuu cha Iowa. Walichukua watoto ambao bado wanakua, wenye mpindo wa nyuzi 20 hadi 40. Wengine walipewa ganda, wengine waliangaliwa tu. Kufaulu kulihesabiwa kuwa mtoto amalize kukua bila mpindo kufika nyuzi 50, pale ambapo mara nyingi upasuaji huanza kuzungumzwa. Waliopewa ganda walifaulu 72 katika kila 100. Walioangaliwa tu, 48. Kwa hiyo ganda linafanya kazi, na tunawaambia waziwazi wale wanaosema ni biashara ya wazungu.

Lakini sikilizeni sehemu ya pili. Watafiti hawakutegemea maneno ya watoto. Ndani ya ganda waliweka kidude kinachopima joto, kikaonyesha saa ngapi kweli limevaliwa. Walioshinda nalo karibu saa 13 au zaidi kwa siku, walifaulu kati ya 90 na 93 katika kila 100. Wale waliolivaa saa chache kabisa hawakuwa na nafuu kubwa kuliko wasiopewa.

Mmeona? Dawa iko kwenye saa, na plastiki peke yake haitibu kitu. Na saa hizo nani anazitoa? Ni mtoto, akiwa peke yake, kila asubuhi, anapoamua kama leo atapita mbele ya wavulana wale au hatapita. Moyo wake ukikataa, plastiki inalala chini ya mkaa. Basi anayetibu mgongo huku anauacha moyo, hajatibu hata mgongo wenyewe. Ametoa plastiki tu.

Jambo jingine. Katika utafiti ule ule watoto waliagizwa wavae angalau saa 18. Katika miezi 6 ya kwanza wastani wao ulikuwa takriban saa 12. Hao ni watoto wa Marekani na Kanada! Hata wao hawakuweza, na wataalamu wakakaa chini kuuliza saa hizo zinatosha kiasi gani. Wa kwetu, anayelala na watoto watatu chini ya turubai, ameshindwa saa zile zile, ati hashirikiani, faili lifungwe. Mbona kule kushindwa ni swali la kuchunguzwa, na huku kushindwa ni tabia mbaya?

Na msituelewe vibaya kwamba tunalilaani ganda. Katika utafiti huo hali ya maisha ya waliovaa haikuonekana kuwa mbaya kuliko ya wasiovaa. Yaani ganda lenyewe si laana. Mtoto anaweza kuishi nalo. Ila awe na watu.

Sasa tuje kwenye jibu tunalolisikia sana kutoka kwa wakubwa wetu: "Skoliosisi haiui. Tuna malaria, tuna kuhara, tuna akina mama wa kujifungua, na fedha za misaada zinapunguzwa kila mwaka. Tufanyeje?"

Ndugu zetu, tunawaheshimu. Tunawaona mkifanya kazi hadi usiku. Tunajua mtoto mwenye malaria kali hawezi kusubiri zamu nyuma ya mwenye mgongo. Hatuombi hilo. Lakini hilo neno "haiui" tuliangalie vizuri. Ni kweli, kwa mtoto wa umri ule. Daktari Weinstein huyo huyo na wenzake walifuatilia watu wenye skoliosisi iliyoanza ujanani, ambao hawakutibiwa, kwa miaka 50, wakachapa matokeo mwaka 2003. Hawakufa zaidi ya watu wengine. Wengi waliishi maisha yao na kufanya kazi zao. Walisumbuliwa zaidi na maumivu ya mgongo, na na masikitiko juu ya mwonekano wao.

Habari njema hiyo, au sio? Basi kwa nini mnaiandika kwenye mpango wa bajeti na hamumwambii mtoto? Mdogo wetu alikaa miaka miwili akiamini kwamba mfupa utakuja kuchoma moyo wake afe usingizini. Aliamini hatazaa kamwe, kwa sababu shangazi yake alisema hivyo, wakati wanawake wengi wenye skoliosisi wanabeba mimba na kuzaa kama wengine. Usiku mmoja mama yake alimsikia akisema, "Bora nisingezaliwa." Neno "haiui" lilikuwa dawa yake, na lilitumika kumpanga mwisho wa orodha.

Jibu la pili: "Hatuna mwanasaikolojia wa kutosha." Kweli, wachache. Lakini someni kitabu chenu wenyewe. Mwaka 2007 kamati ya mashirika ya misaada inayoitwa IASC ilitoa miongozo ya afya ya akili na msaada wa kisaikolojia wakati wa dharura. Wamechora piramidi ya ngazi nne. Wataalamu wa akili wako kule juu kabisa, kwenye ncha, kwa watu wachache. Ngazi ya chini, iliyo pana kuliko zote, ni huduma za kawaida na usalama, zitolewe kwa namna inayolinda utu wa mtu. Juu yake inakuja familia na jamii. Kwa hiyo pazia la mlango ni afya ya akili. Kuuliza jina ni afya ya akili. Mkalimani asiyetangaza siri ni afya ya akili. Hayo yanahitaji digrii gani? Kitenge kimoja cha zamani na misumari miwili, mlango umefungwa.

Jibu la tatu linatoka kwa wazee wetu na kwa wachungaji: "Jikaze. Omba. Mtazame Usain Bolt, ana mgongo kama huo na amekimbia mita 100 kwa sekunde 9.58." Kuomba tunaomba, hatuwezi kuacha. Na Bolt kweli ana skoliosisi, amesema mwenyewe. Lakini malizieni hadithi. Bolt alikuwa na makocha, mazoezi ya kila siku ya kuimarisha kiuno na mgongo, na daktari maarufu wa Munich, Ujerumani. Hakuna aliyemwambia ajikaze akamwacha peke yake. Ukimpa mtoto jina la Bolt bila kumpa hata mtu mmoja wa Bolt, umemwongezea mzigo. Sasa anaona aibu ya mgongo, na juu yake aibu ya kutokuwa shujaa.

Hadi hapa tumewasema wengine. Sasa zamu yetu, na hapa kalamu imekuwa nzito.

Jina la Kobe halikutoka hospitalini. Halikuandikwa na shirika lolote. Lilitoka uwanjani, kwenye timu yetu, siku alipopita na dumu lake la maji sisi tukiwa tumepumzika. Mmoja wetu alilisema, wengine tukacheka, na tulipoenda nyumbani tukalibeba hadi kwa wadogo zetu wanaosoma naye. Waliompigia hodi ni wadogo zetu wa tumbo moja. Tunaandika makala za haki za wakimbizi hapa kila mwezi, tunaomba dunia isituite majina, na sisi wenyewe tulimfukuza mtoto shule kwa jina.

Tena wawili kati yetu tunaoandika tuna migongo iliyopinda, kidogo tu, haikuhitaji ganda. Na wawili hao pia walicheka siku ile, kwa woga, ili yeyote asigeuze macho kuwatazama. Wanajua wanachokijua: kuchagua kila mara benchi lililo karibu na ukuta. Kwenye foleni ya maji kusimama wa mwisho, ili nyuma yako asiwepo mtu. Kutovua shati mtoni hata kwa jua la namna gani. Kwenye picha kusimama upande upande. Kujifanya mtu wa sweta. Ni kazi ya siku nzima, hailipwi, na inachosha kuliko maumivu. Hata sisi marafiki zao wa miaka yote hatukujua mpaka Jumamosi ile ya karatasi. Tulidhani jamaa anapenda tu kukaa ukutani.

Ndiyo maana tunasema, msisubiri mtu aje kwenye hema la ushauri Jumanne. Mwenye aibu hapangi foleni ya aibu.

Tunaomba nini basi? Sio hospitali mpya. Tunaomba haya:

Kwanza, mlango ufungwe. Anayevua nguo afichwe na pazia, mama au dada yake akae karibu, na wanafunzi wasiingie hadi mgonjwa mwenyewe aulizwe na akubali. Akisema hapana, iwe hapana.

Pili, mkalimani achaguliwe na mgonjwa. Msichana apewe mwanamke, asiyetoka mtaa wake, na akumbushwe kutunza siri mbele ya mgonjwa mwenyewe, kwa sauti.

Tatu, siku ya kwanza kabisa, kabla ya kutaja nyuzi, mtoto aambiwe kwa lugha anayoijua: hili halikuui, hukulogwa, mama yako hakukosa, na unaweza kuja kuwa na watoto wako. Kisha aulizwe, "Wewe unaogopa nini?" na mtu angoje jibu.

Nne, ganda lisitolewe peke yake. Litoke na fulana mbili za pamba, sabuni, na mpango wa kulizoea kidogo kidogo, saa chache kwanza, halafu kuongeza. Familia ikae kikao kuhusu mahali pa kulala. Mtoto akikubali, mwalimu wake aelezwe kabla ganda halijaingia darasani.

Tano, kila anaporudi, pamoja na mgongo aulizwe analalaje, anakula, anaenda shule, ana rafiki. Na akisema maneno kama yale ya "bora nisingezaliwa", asipewe tarehe ya mwezi ujao. Apelekwe kwa mhudumu wa afya ya akili siku hiyo hiyo.

Sita, neno "hashirikiani" lisiandikwe tena peke yake. Atakayeliandika aandike na sababu, kwa maneno ya mgonjwa mwenyewe. Tunaamini mtu akilazimika kuandika "anapigiwa hodi tumboni", kalamu haitaweza kuendelea na "faili lifungwe".

Na sisi vijana tumejiwekea ya kwetu. Jina lile limekufa kwenye timu. Atakayelitaja hachezi, tumeshakubaliana, hata awe mfungaji wetu bora. Dada wawili wa kikundi wamejitolea kumpitia asubuhi na kutembea naye hadi shuleni. Na wavulana wale wa hodi, kaka zao wamekaa nao. Hatukuwapiga. Tuliwaambia walijaribu ganda. Mmoja alilivaa dakika 10 akaomba atolewe. Akaenda mwenyewe kuomba msamaha, bila kutumwa.

Mtauliza, dada yenyewe anaendeleaje? Hapa ndipo tunahitaji ninyi mnaosoma mkiwa ofisini.

Jumamosi iliyopita alikuja na mama yake chini ya mwembe. Alikaa mbali kidogo, amevaa lile sweta. Hatukumwambia kitu kuhusu mgongo, tulimuuliza kama anajua kujumlisha pointi za ligi maana hesabu zetu zilikuwa zimegoma. Alizijumlisha zote, akaonyesha na tulipokosea. Mwisho wa kikao akasema mwenyewe, "Niko tayari kulivaa. Usiku kwanza." Mama yake alilia.

Tukaenda kulitoa chini ya gunia la mkaa. Panya wamekula mkanda mmoja. Tukalisafisha, tukamkabidhi, dada zetu wakamsaidia kulivaa ndani. Haliingii. Amekua. Tangu miaka 13 hadi 15 mwili umebadilika, na ganda limebaki lile lile.

Sasa anahitaji eksirei mpya, na ikionekana bado lina faida, anahitaji ganda jipya. Na ganda linasaidia mtoto anayekua tu. Mifupa ikishamaliza kukua, mlango huo unafungwa, na mpindo ukiwa umefika mbali, kinachobaki ni upasuaji mkubwa, ambao kwa mkimbizi wa hapa ni rufaa juu ya rufaa. Kila mwezi unaopita ni mwezi wa mfupa. Na faili, kama mlivyosikia, limefungwa, kwa sababu mgonjwa hashirikiani.

Wakubwa wetu, mgonjwa anashirikiana. Fungueni faili. Mama yake anayo ile karatasi, imekunjwa mara nne, ataileta siku yoyote mtakayosema. Dada zetu wawili watamsindikiza. Yeye mwenyewe ametuma ombi moja tu, tuliandike kama alivyolisema: "Waambieni nitakuja, lakini safari hii wafunge mlango."

Soma, mtumie mwenzako, na ukikutana na mtu wa sweta kwenye foleni ya maji, msalimie kwa jina lake.